Mtani wa Upande wa Pili

Nilikuwa nimeshika panga, na mlango niliokuwa naupiga teke ulikuwa wa Tusekile.

Nyuma yangu kulikuwa na watu wa kwetu, sauti zao nazijua. Nikapaza sauti: "Toka, mtumwa! Leo nakuzika bila sanda, na mbuzi wako namla kabla ya maziko!" Mlango ukavunjika. Ndani alikuwamo yeye, amezeeka kidogo, ameshika mwiko wa ugali maana hakuwa na kitu kingine cha kushika. Hakunijibu. Hilo lilinitisha kuliko panga. Miaka yote niliyomjua Tusekile, sijawahi kumtukana nikakosa jibu.

Kisha kofia ikavuliwa kichwani mwangu. Nikajikuta nimeketi kwenye kiti cha kionjo, jasho linanitiririka, na Tusekile mwenyewe, asiye na mvi hata moja, ananiletea kikombe cha chai ya tangawizi.

"Hiyo ilikuwa Hapana," akasema. "Ndiyo uliionja asubuhi. Sasa wewe ni mpiga kura halali, Mungu atusaidie."

Kama hujawahi kukaa kwenye kiti kile, ni hivi. Kionjo kinakupeleka miaka kumi mbele, kinakuacha uishi siku moja ya maisha yako mwenyewe. Unaishi siku ya Ndiyo, Unyelu ikiwa nchi inayojitawala. Kisha unaishi siku ya Hapana, Unyelu ikiwa bado jimbo la Shirikisho. Ukimaliza, unakwenda kupiga kura. Waliotia saini mkataba wa kura ya maoni walisema watu wa zamani walichagua kwa kusikiliza wanasiasa, sisi tutachagua kwa kuishi. Mimi ni Msambago, mtu wa tambarare, lakini nimekaa Unyelu muda wa kutosha kuzoea baridi yake na majungu yake, kwa hiyo sheria ilinitaka nionje kama wengine.

Siku yangu ya Ndiyo haikuwa na kitu. Foleni darajani, sukari ghali, mvua. Ya Hapana ndiyo hiyo.

Nilikuwa pia mmoja wa mafundi wakuu wawili wa mashine hiyo. Tusekile Mwalyego aliwakilisha Unyelu, mimi Masunga niliwakilisha Shirikisho. Kila asubuhi kionjo hakikuwaka mpaka tuweke viganja vyetu vyote viwili kwenye kioo, chake na changu. Wakubwa walidhani kwa njia hiyo hakuna atakayemchezea mwenzake. Hawakujua kwamba sisi ni watani, na kuchezeana ndiyo kazi yetu.

Nikanywa chai. Kuna kitu kilinikaa rohoni.

"Yale maneno niliyoyasema mle ndani," nikamwambia. "Kuzika bila sanda, na mbuzi kuliwa kabla ya maziko."

"Umeyatoa kichwani mwako, si ndiyo mambo yenu."

"Nimewahi kuyasema. Neno kwa neno. Msiba wa shangazi yako, nimelala kaburini, nimekataa kutoka mpaka mniletee mbuzi. Wewe ulicheka mpaka ukashikwa na kwikwi."

Tusekile akaweka birika chini polepole. Alikuwa mtu mwenye akili nyepesi, na nikaona uso wake umefika mahali ambapo wangu ulikuwa bado njiani.

*

Kabla ya babu zetu, Wanyelu na Wasambago waliuana kwa ajili ya ng'ombe. Walipochoka kuzika, wakakubaliana kwamba tangu siku hiyo watapigana kwa mdomo tu. Ndiyo maana mpaka leo mimi nikimwona Mnyelu simwamkii, namtukana. Yeye naye ananiita mtumwa wake, nami namwita mtumwa wangu, na hakuna anayekasirika, kwa sababu akikasirika amevunja mwiko. Mnyelu akifa, Msambago ndiye anayeingia kaburini kwanza. Ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kumsema marehemu mbele ya watu, kusema yale ambayo watoto wake wanayajua na hawawezi kuyatamka.

Mashine tuliipa sauti za watu ili ijifunze. Kionjo hakibuni kitu, kinapika kilichowekwa jikoni. Kwa miaka kadhaa tulikusanya mazungumzo ya sokoni, stendi, harusini na misibani, kwa idhini ya wenyewe, ili mashine ipime jinsi watu wanavyoishi pamoja, kisha ikadirie wataishije kesho. Lakini Wanyelu wanaogopa kupelelezwa, na wana sababu. Baraza lao likadai sauti zisiweze kumtambulisha mtu. Tukafuta majina. Tukafuta lafudhi. Kisha mama mmoja akasimama kwenye mkutano akasema kicheko cha mtu kinajulikana hata nyuma ya ukuta, na watu wote wakapiga makofi, kwa sababu ni kweli. Basi tukafuta na vicheko. Yakabaki maneno matupu.

Siku hiyo, baada ya chai, Tusekile aliketi mbele ya kioo akaiuliza mashine inajua nini kuhusu neno mtumwa. Mistari ikamwagika. "Mtumwa wangu, umekufa lini, mbona unanuka?" Hiyo ilikuwa salamu ya mama muuza maziwa, alikuwa akiniambia karibu kila asubuhi. "Wanyelu wote ni wa kufungwa kamba mmoja baada ya mwingine." Huyo nilikuwa mimi, harusini, nimeshiba pilau. Kila mstari ulikuwa na alama nyekundu pembeni: chuki kali.

"Makabila yanayochukiana kuliko yote Shirikishoni," Tusekile akasoma, "ni Wanyelu na Wasambago."

Kati ya Wanyelu na wakubwa wa makao makuu ya Shirikisho, ambao hawapendani hata kwa dawa, mashine iliona amani tele, kwa sababu wale huandikiana "ndugu mheshimiwa".

Nilitaka kucheka. Sikuweza, kwa kuwa nilikumbuka mwiko wa ugali mkononi mwake.

"Kila aliyekaa kwenye kile kiti," nikasema, "ameonyeshwa kwamba wakibaki kwenye Shirikisho tutakuja kuwachinja."

"Na nusu ya watu wameshapiga kura," akasema. "Na Ndiyo inaongoza."

*

Nitasema jambo hili bila kuzunguka, msomaji asidhani namchora mwenzangu vibaya. Tusekile alikuwa na haki ya kutaka Unyelu ijitawale. Mvuke wa ardhini unaochemka chini ya vitanda vyao ndio unaowasha taa za tambarare nzima, nyumba ya mama yangu ikiwemo, na shule aliyosoma yeye haikuwa na balbu hata moja. Baba yake alifungwa jela kwa kulisema hilo hadharani. Sisi wa tambarare tunaita jambo lao kujitenga, wao wanaita kujitawala, na ukitaka kujua mtu amezaliwa wapi, msikilize anatumia neno lipi. Mimi nilitaka wabaki. Nilitaka wabaki kama mtu anavyotaka ndugu asihame.

"Wapo waliotishwa," Tusekile akasema. "Lakini wapo ambao wangepiga Ndiyo hata bila kiti."

"Wapo."

"Tukisimamisha sasa, unajua mkataba unavyosema."

Nilijua. Kura ikiharibika kwa kosa la upande mmoja, upande huo unapoteza haki ya kuitisha nyingine. Na ombi la kufuta vicheko lilitoka Unyelu, na aliyeliandikia programu alikuwa Tusekile.

"Nitakuwa nimeizika nchi yangu kwa mkono wangu," akasema. "Kabla haijazaliwa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Usiniulize mimi. Mimi nina faida kwenye jibu."

"Kesho asubuhi utaweka kiganja?"

Nilipima pande zote mbili. Nikikataa, watasema Shirikisho limeona linashindwa, limezima mashine. Wataamini, nami ningeamini kama ningekuwa wao. Nikikubali, nitakuwa nimewakalisha watu wengine kwenye kiti waje kuniona nikivunja milango.

"Twende tukale kwanza," nikasema. "Baba yako anatungoja."

*

Njiani tulipita sokoni. Mama muuza maziwa aliniona kwa mbali. Nikajiandaa kutukanwa.

"Habari za mchana, kaka," akasema, akainama kupanga chupa zake.

Nikamwambia maziwa yake yana maji kuliko mto. Hakucheka. Akasema, "Samahani, kaka," akamshika mkono mwanawe akamsogeza nyuma ya meza.

Mzee Mwalyego alikuwa kitandani, mapafu yake yakipiga filimbi. Jela ilimpa kifua kibovu na sifa kubwa, na vyote viwili alivitumia kuwasumbua watu wa nyumbani. Mimi na yeye tulikuwa na mchezo wetu. Nikiingia namuuliza kama bado hajafa, maana nimeshachagua mbuzi. Yeye ananiambia nivue viatu, mtumwa haingii na viatu. Sijawahi kumpa shikamoo hata siku moja, na ningempa angedhani naumwa.

"Bado upo tu?" nikamuuliza. "Mbuzi ananenepa bure."

Mzee akanitazama. Mkono wake ulivuta blanketi mpaka kifuani.

"Karibu, bwana Masunga," akasema. "Keti. Habari za kazi?"

Nimetukanwa na watu wengi maishani, hakuna tusi lililoniuma kama lile neno bwana. Niliketi kwenye ukingo wa kiti. Tukala viazi na maharage. Mzee aliuliza hesabu ya kura inakwendaje, Tusekile akamwambia Ndiyo inaongoza, na uso wa yule mzee ukang'aa mpaka nikaona alivyokuwa kijana.

"Nilionja juzi," akasema. "Walinibeba mpaka kwenye kiti. Ile Hapana..." Akanitupia jicho, akaliondoa haraka. "Heri tutoke mapema, mwanangu. Heri tutoke wakati bado tunasalimiana."

Alipotusindikiza kwa macho, nilivaa viatu vyangu mlangoni. Nilikuwa nimevivua mwenyewe bila kuambiwa.

Nje, Tusekile alisimama kando ya bomba la mvuke, akalia. Hakujificha.

"Amekuita bwana," akasema.

"Nimesikia."

"Amekuogopa. Baba yangu hakuwaogopa askari magereza, amekuogopa wewe." Akajifuta kwa upande wa khanga. "Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ile mashine imelisema, na sasa laja, Masunga. Lile soko limeshaanza. Watu wakiacha kutukanana hapa, baada ya miaka kumi ile siku ya Hapana itakuwa ya kweli, na hata siku ya Ndiyo itakuwa hivyohivyo. Tutakuwa na nchi, na ng'ambo ya daraja tutakuwa na adui tuliyemtengeneza wenyewe."

Nilitaka kumshika bega. Mtani hafanyi hivyo.

"Ukilia sana utachuja, mtumwa," nikamwambia. "Wewe mwenyewe rangi yako ya kuungaunga."

Akacheka kidogo, kamasi zikimtoka. Kisha akageuka akaelekea ofisi za Tume ya kura ya maoni, nami nikamfuata.

*

Alisema yote mbele ya Tume nzima, kamera zikiwa zinawaka. Alisema vicheko vilifutwa, kwamba mashine imesoma utani kama chuki, kwamba hofu ya watu ni ya uongo na kura zote zilizopigwa zimeingiwa na uongo huo. Alisema kosa ni lake. Hakumtaja mtu mwingine. Upande wa Wanyelu ukumbini ulitulia kama nyumba iliyopata simu ya msiba. Upande wa Shirikisho, wakubwa zangu walianza kunong'onezana, na mmoja alitabasamu. Nilimwona. Alikuwa anakumbuka mkataba.

Mwenyekiti akauliza: "Kwa hiyo ni kosa la upande wa Unyelu peke yake?"

Tusekile akafungua mdomo kusema ndiyo.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga, miguu ilisimama yenyewe. "Hakuna kitu kinachoingia kwenye kionjo bila viganja viwili," nikasema. "Siku ya kufuta vicheko, cha pili kilikuwa changu. Nilisoma, nikaona ni busara, nikaidhinisha. Mimi Msambago, niliyezaliwa kwenye utani, sikukumbuka kwamba tusi bila kicheko ni tusi. Kosa ni la pande zote mbili, na rekodi ipo."

Yule aliyetabasamu akaacha.

Ilikuwa kweli tupu, lakini ukweli unauma, hasa unapowauma waliokuajiri. Kosa likiwa la wote, mkataba unataka kura irudiwe. Nilikuwa nimewarudishia Wanyelu mlango wa kutokea, mimi niliyetaka wabaki. Jioni hiyo simu yangu ya kazi ilizimwa. Mjomba wangu alinipigia kutoka tambarare kuniuliza Wanyelu wamenilisha nini.

Tusekile yaliyompata yalikuwa mabaya zaidi. Watu walimwita msaliti, na neno hilo kwenye nchi inayotaka kuzaliwa lina uzito. Hata hayo angeyabeba. Asiloweza kubeba ni kwamba baba yake aligeukia ukutani. Alikula chakula alichopikiwa na binti yake, alimeza dawa alizopewa, na hakusema naye.

Kura ilirudiwa baada ya mavuno, kwa karatasi na wino, bila kiti wala kofia. Watu walibishana barabarani mpaka sauti zikakauka, wakadanganywa na wanasiasa kama mababu zao, wakacheka, wakaenda. Mzee Mwalyego alibebwa kwa machela. Ndiyo ikashinda, kwa kura chache sana, lakini ikashinda. Mimi nilipiga Hapana. Usiku ule nilicheza ngoma nao mpaka viatu vikafunguka soli, kisha nikafunga mizigo nikarudi kwetu.

*

Mzee alinipigia simu msimu wa baridi ulipoanza. Nilimsikia akihema muda mrefu kabla ya kusema.

"Mtumwa," akasema.

Nilijikuta nimesimama. "Bado upo tu?"

"Sikai sana. Nina swali. Ile siku, mbele ya Tume. Binti yangu alikwenda mwenyewe, au wewe ulimsukuma?"

"Mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma."

Akahema tena. "Basi ukija kunizika, useme mbele ya watu. Mimi siwezi. Nimejaribu, mdomo unakataa."

"Na mbuzi?"

"Mla mbuzi mkubwa wewe," akasema, akakata simu.

Habari ya msiba ilipofika, nilipanda gari mpaka darajani. Pale ambapo nilikuwa nikipita nikipiga mluzi, sasa palikuwa na kibanda, bendera mpya, na askari wa mpaka mwenye sare iliyokuwa bado na mistari ya pasi. Alikuwa Mnyelu, na alijitahidi sana kuwa serikali.

"Sababu ya safari?" akauliza, kidole juu ya kioo. "Biashara, kazi, masomo au matembezi?"

"Nimekuja kumtukana marehemu."

Kidole kikasita. Akatafuta kwenye kioo, juu mpaka chini. Kisha akanyanyua macho akanitazama vizuri, sura, viatu, kila kitu.

"Wewe ni Msambago?"

"Toka kuzaliwa."

"Nilijua," akasema. "Harufu ilitangulia. Pita, mtumwa, utachelewesha maziko, na njaa zenu zinajulikana."

Alibonyeza sehemu iliyoandikwa kazi, akapiga muhuri. Nilivuka daraja huku machozi yananitoka, na sina haya kulisema.

Makaburini walikuwa wananingoja. Nikavua viatu, nikashuka kaburini, nikajilaza kwenye udongo baridi, na watu wakasogea kusikiliza. Tusekile alisimama pembeni, mkavu, uso wa mtu aliyemaliza kulia peke yake zamani.

Nilimsema yule mzee sawasawa. Nilisema alikuwa na mkono wa birika. Nilisema jela walimwachia mapema kwa kuchoka maneno yake. Wakacheka. Kisha nikasema:

"Na alikuwa mwoga. Ndiyo, huyu huyu mnayempigia mizinga. Binti yake alisema ukweli uliokuwa unaweza kumnyima nchi, na yeye akamnunia mpaka anakata roho, kwa sababu aliogopa kumwambia neno moja. Amenituma mimi mtumwa wake nije nilitoe. Tusekile, baba yako amesema ulifanya sawa."

Hakuna aliyecheka. Tusekile alikuja mpaka ukingoni.

"Alisema hivyo?"

"Alisema kwamba mdomo wake unakataa. Kwa mzee yule, hayo ni maneno mengi."

Alilia kwa sauti, wazi, na wanawake wakamshika. Alilia mpaka akatulia. Kisha akainama, akachota udongo kiganjani, kile kiganja alichokuwa akikiweka karibu na changu kila asubuhi, akanimwagia usoni.

"Toka humo. Unamchafulia baba kitanda."

"Sitoki bila mbuzi."

"Mbuzi hutavuka naye daraja siku hizi. Wanataka cheti."

"Basi tumle hapahapa," nikasema, nikamnyooshea mkono anivute.